Bei ya Kolga

Mto wetu haukulala mahali pamoja.
Jioni uliuacha karibu na zizi,
asubuhi umehamia ng'ambo ya mchanga mweusi
kama mpangaji anayekwepa kodi.
Ulitoka chini ya barafu ukiwa na rangi ya majivu,
na kelele zake tulizila pamoja na samaki mkavu.

Daraja halikuwako. Alikuwako baba, Ketill,
na Kolga, farasi jike, mfupi, mwenye tumbo,
singa za shingo zimemfunika jicho moja.
Wageni waliokuja kuvushwa walicheka:
huyu ni farasi ama kondoo?
Baba alikaza mshipi wa tandiko,
akapima vikuku kwa urefu wa mkono wake, akasema:
"Shika singa, hatamu ziache.
Na usitazame maji. Tazama mlima."

Nilikuwa na miaka tisa nilipoambiwa hayo.
Nikatazama maji.
Mlima ukaanza kwenda, nchi yote ikaanza kwenda,
Kolga peke yake akasimama.
Kumbe ndiye pekee aliyekuwa akitembea.
Baridi ilinifika magotini, baridi ya kung'oa kucha,
na huko chini mawe yaligongana kama meno.

Nchi kavu alikwenda telki,
ungeweka bakuli la maziwa juu ya tandiko
ukafika nalo kanisani.
Lakini mtoni alikuwa mwingine.
Aliinama, akanusa povu,
akapeleka kwato moja mbele, akaionja ardhi
kama mpishi anayeonja mchuzi kwa ncha ya ulimi.
Mchanga wenye njaa aliujua.
Palipokuwa salama jana, leo alipakataa,
na baba hakubishana naye hata mara moja.
Nyumbani alibishana na kila mtu.

Vuli moja akaja Torfi, karani wa kodi,
buti mpya, mkoba umefungwa kwa lakiri.
Katikati ya mto Kolga akagoma.
Torfi, juu ya farasi wake mrefu wa kukodi,
akasema hana siku nzima ya kumngoja mnyama afikiri.
Akampiga wake mjeledi, akatupita.

Sikuona alivyozama. Niliona kofia.
Kisha niliona mkono umeng'ang'ania mkia wa Kolga,
na Kolga akirudi ufukweni taratibu,
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.
Farasi mrefu aliibukia mbali, hai, bila tandiko.
Mkoba haukuibuka.

Mlikuwa na madeni ya wilaya nzima mle.
Majira ya baridi yale yote
watu walikuja mlangoni kwetu na vipande vya mkate wa shayiri.
Si kwa ajili yetu.
Bibi Steinvör, aliyekuwa na deni la pipa mbili za nafaka,
alimbusu Kolga puani mbele ya kasisi.

Lakini Torfi aliyaandika upya, kwa kumbukumbu,
na kumbukumbu yake ilikuwa na riba.
La kwetu lilirudi limenenepa mara tatu.

Mnunuzi alishuka melini na fimbo ya kupimia.
Aliwakataa warefu. Kolga alimpapasa mgongo, akatabasamu:
mfupi, ndivyo wanavyotakiwa kule,
mashimo ya makaa hayana dari ya juu.
Baba akamwambia, akiitazama kofia yake mwenyewe,
"Atakayempanda asimwongoze mtoni. Amwachie."
Yule akajibu hakuna mto huko, mzee,
wala hakuna wa kumpanda. Kuna mabehewa.
Akahesabu fedha. Alihesabu vizuri, haikupungua hata senti.

Sasa kuna daraja la chuma. Navuka kwa miguu,
na bado natazama mlima.

Usiku mwingine tu nawaza:
huko chini, mahali fulani gizani,
matone yanadondoka ukutani, yanakusanyika njiani,
na farasi mfupi anasimama ghafla,
anainama, ananusa,
anapeleka kwato moja mbele.
Na mwenye mjeledi hajui anangoja nini.